Noeli ya Asiye na Mshahara: Somo la Majilio kwa Jumuiya za Nachingwea na Ruangwa



Somo letu la Majilio safari hii tunalielekeza kwa watu wasio na tarehe ya mshahara. Katika parokia za Nachingwea na Ruangwa watu hao wako kila benchi: mkulima wa korosho na ufuta, fundi cherehani, fundi mwashi, mama ntilie, mwenye genge, mchimbaji mdogo, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni. Mwalimu na muuguzi wanajua mwezi wao unaisha lini. Kwa hawa wengine mwezi unaisha pale mteja anapolipa. Hata hivyo Noeli inawafikia wote tarehe ileile, 25 Desemba, na watoto wa wote wanakutana kanisani wakiangaliana nguo.

Familia ya namna hii itaadhimishaje kuzaliwa kwa Bwana bila kuiuza Januari yake? Tutaanza na Maandiko, kisha tutashuka kwenye hesabu. Mtuvumilie, maana hesabu zitachukua nafasi kubwa kuliko ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Ndege wawili

Mtakatifu Luka anasimulia kwamba siku za utakaso zilipotimia, Maria na Yosefu walimpeleka Mtoto Yerusalemu na kutoa sadaka ya ndege wawili (Lk 2:22-24). Tukisoma haraka tunapita tu. Lakini aliyefungua kitabu cha Walawi anajua kwamba mama aliyejifungua alitakiwa kuleta mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Ndege wawili walikuwa kwa ajili ya yule ambaye uwezo wake haukufika kwa mwanakondoo (Law 12:6-8). Kwa hiyo Injili imetuonyesha hadharani mfuko wa Familia Takatifu ulivyokuwa. Yosefu alikuwa fundi (Mt 13:55), mtu wa kazi ya mikono, na wakati huo alikuwa mbali na nyumbani na mbali na wateja wake. Hatusomi popote kwamba alikwenda kukopa ili Mtoto aonekane ametolewa kwa mwanakondoo.

Waseminari wanaosoma Agano la Kale watazame jambo moja zaidi. Kiwango cha maskini kiliandikwa ndani ya sheria yenyewe, na mwanamke aliyeleta ndege alitakaswa sawasawa na aliyeleta mwanakondoo. Mzee Simeoni alimpokea Mtoto mikononi na kumsifu Mungu, na nabii Ana akafanya vivyo hivyo, bila kuuliza mnyama yuko wapi. Wazazi wengi wa kwetu wanakubali maneno haya wakiwa kanisani, kisha wakifika sokoni tarehe 23 wanayasahau, kwa sababu wanaogopa macho ya majirani kuliko deni. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini ndiyo inayowapeleka watu mahali pabaya, kama tutakavyoona.

Fedha ya msimu

Huku kusini fedha ina majira yake. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Minada ya korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Mkulima anapeleka mzigo kwenye AMCOS yake, unaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, unapigwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI (jina lililounganishwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale), kisha malipo yanaingia benki baada ya makato. Kati ya siku ya kupima na siku ya kupokea kuna kusubiri, na kusubiri huko mara nyingi kunaangukia ndani ya Majilio.

Wazee wa kaya wanaukumbuka mwaka 2018. Msimu uliotangulia ulikuwa mnono, bei katika baadhi ya minada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na Noeli ya 2017 ilikuwa ya mabati mapya na pikipiki. Mwaka uliofuata wakulima walikataa bei ndogo za minada ya kwanza. Tarehe 12 Novemba 2018 Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalifuata uhakiki, na uhakiki ulichukua muda. Noeli ilifika, wengine wamelipwa, wengi bado. Mtu ana mali ghalani na risiti mfukoni, lakini dukani hapewi mchele kwa kuonyesha risiti.

Mwenye kipato cha kujitegemea asidhani hilo lilikuwa tukio la mara moja. Ndivyo kazi yake ilivyo: fedha inayotarajiwa na fedha iliyopokelewa ni vitu viwili, na bajeti ya Noeli inapangwa kwa ile iliyopokelewa tu. Mji wa Nachingwea wenyewe ni shahidi wa somo hilo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga huku, Kongwa na Urambo, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kufika Nachingwea, wote wakihesabu mavuno ambayo ardhi na mvua havikuwa vimeyaahidi. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Karanga hazikuja, na reli nayo haipo tena.

Kangomba na kausha damu

Pale kusubiri kunapokuwa kurefu ndipo mlanguzi anapobisha hodi. Anatoa fedha taslimu leo, na mkulima anaahidi kilo za korosho atakazovuna au atakazopokea malipo yake baadaye. Hii ndiyo kangomba, na Serikali imekuwa ikiipiga vita. Tuchukue mfano: mtu amepokea 100,000 mwezi Septemba kwa ahadi ya kilo 100. Kwa bei kama ile ya 3,300, kilo hizo zingempa 330,000 kabla ya makato. Amenunua pilau ya siku moja kwa magunia ya mwaka mzima.

Kwa fundi na mama ntilie mlanguzi anakuja kwa jina la mkopo wa haraka, ambao wananchi wenyewe wameubatiza kausha damu. Marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na ukikwama wanachukua godoro, televisheni, hata cherehani. Kumbukumbu la Torati linakataza kushika jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kushika uhai wa mtu (Kum 24:6). Cherehani ya mama mjane ni jiwe la kusagia la siku hizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inawagusa wanaofanya biashara kwa riba ya kunyonya hata kusababisha njaa na vifo vya ndugu zao (KKK 2269), na inatukumbusha zile sheria za kale zilizokataza riba na kushikilia rehani ya maskini (KKK 2449). Tunalisema hili waziwazi kwa sababu baadhi ya wakopeshaji hao wanapokea Komunyo pamoja nasi.

Desemba inalisha miezi mitatu

Sasa hesabu. Tumchukue fundi cherehani wa mfano, mwenye watoto watatu na shamba dogo linalompa mahindi na muhogo. Desemba ni mavuno yake, kila mtu anataka nguo. Anapata faida ya shilingi 380,000. Januari inashuka hadi 90,000, Februari 80,000. Nyumba yake inahitaji 140,000 kila mwezi kwa kodi ya fremu, mboga, mafuta, sabuni na umeme. Akiitazama Desemba peke yake anaona zimebaki 240,000 za sikukuu, na anajisikia tajiri. Lakini akiiweka miezi mitatu pamoja anapata 550,000. Matumizi ya nyumba ni 420,000. Shule zinafunguliwa Januari, na ingawa elimu ya msingi haina ada, sare, viatu na madaftari vinamtaka 75,000. Kinachobaki ni 55,000.

Hiyo ndiyo Noeli yake: 55,000. Tofauti kati ya 240,000 na 55,000 ndiyo inayowapeleka watu kwa kausha damu mwezi Februari, wakati sherehe imeshasahaulika.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya hesabu hiyo. Fedha ya mteja aliyeleta kwa ajili ya kununua kitambaa au vifungo isiingie kwenye faida, maana bado ni ya mteja. Na mtaji ukae mbali na mfuko wa jikoni, kwenye kibubu kingine au simu nyingine. Mkulima naye afanye vilevile: msimu wa kupanda umeanza, na mbegu inayoliwa Desemba haioti Januari. Wenye kikundi cha kuweka na kukopa wanajua kwamba gawio la mwisho wa mwaka linakuja na hamu zake, basi waligawe kwenye karatasi kabla halijafika mkononi.

Kisha watoto waambiwe. Baba na mama wakae nao mapema, Dominika ya kwanza ya Majilio si mapema mno, wawaambie kiasi kilichopo na wawaulize wangependa nini kwanza. Mtoto wa darasa la nne anaelewa kugawanya. Asichoweza ni kuahidiwa kiatu mwezi mzima, kisha asubuhi ya sikukuu akakaripiwa kwa kukiuliza.

Mlipe fundi

Hapa tunawageukia wengine. Mara nyingi bajeti ya fundi inabanwa na sisi waamini wenzake. Kwaya inashonewa sare za Noeli, inaimba vizuri, inapigiwa makofi, na fundi analipwa mwezi wa pili. Mama wa mapambo, kijana aliyepaka rangi kanisa, aliyekodisha spika, wote wanaambiwa wasubiri mhasibu. Torati inaagiza kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo (Kum 24:14-15), na Mtakatifu Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele (Yak 5:4). Kamati tendaji ambayo haina fedha ya sare mkononi isishone sare. Waimbaji wavae za mwaka jana, Mungu atasikia sauti zilezile.

Halafu kuna michango. Si vizuri Desemba moja ikabeba bahasha ya Noeli, zaka, ujenzi, zawadi ya paroko na mchango wa jumuiya. Tunawasihi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wapange angalau miwili kati ya hiyo ije wakati wa ufuta.

Meza yenyewe

Kuku wa nyumbani, wali, kisamvu kilichoungwa kwa nazi, na maembe, ambayo Desemba yako kila mahali. Juisi ya embe inatosha badala ya kreti ya soda. Kwa kuwa majirani zetu wengi ni Waislamu, mkimwita jirani Mwislamu achinje kuku, nao watakula bila wasiwasi, na sahani iliyotoka kwao siku ya Idi itakuwa imerudi na kitu. Pango la Noeli halihitaji sanamu za kununua. Mtakatifu Fransisko alipoliandaa Greccio mwaka 1223 alitumia hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Udongo wetu na majani ya mnazi vinatosha.

Kanisa pia limewapa nafasi wanaochelewa kulipwa, na kwa maoni yetu nafasi hiyo haitumiki ipasavyo. Noeli ni majira: kuna Oktava hadi tarehe 1 Januari, kuna Familia Takatifu, kuna Epifania, hadi Ubatizo wa Bwana. Familia ambayo malipo ya korosho yameingia tarehe 29 haijakosa sikukuu. Nguo mpya inaweza kuvaliwa Epifania, siku ya Mamajusi, ambao nao walifika baada ya wachungaji.

Neno kwa waseminari mnaorudi likizo. Mkifika nyumbani mama atataka kuchinja jogoo wa mwisho na kukununulia shati, kwa sababu wewe ni "frateri" na majirani wataangalia. Mwambie mapema kwa simu kwamba hutaki shati. Shika jembe asubuhi, maana mvua imeanza. Na ukiona deni la kausha damu linanyemelea nyumba, kaa na wazazi, mshike karatasi na kalamu kabla ya kushika rozari ya jioni.

Kwa majadiliano katika jumuiya

Katika jumuiya yetu, ni nani tunadaiwa naye kwa kazi aliyotufanyia mwaka huu, na tutamlipa lini? Familia gani tunayoijua imeweka rehani chombo chake cha kazi, na je, tukichanga kwa siri tunaweza kukikomboa kabla ya tarehe 24? Kila familia iandike nyumbani hesabu ya Desemba, Januari na Februari pamoja. Hakuna haja ya kuisoma mbele ya wengine.