Kicheko cha Mgeni: Kejeli ya Watu wa Mbali Kuhusu Tongaren

Utangulizi

Mtu anayeishi katika nchi isiyo yake hupenda kuwaandikia wa kwao vioja. Ni nadra kuandika kwamba mvua imenyesha kwa wakati au kwamba jirani amempelekea mahindi mabichi. Huandika kuhusu gari la abiria lililotangazwa kuondoka saa mbili likaondoka saa sita, karani aliyedai picha tatu za pasipoti kisha akazitia kwenye droo, na gazeti lililoweka habari ya mganga kando ya habari ya bajeti. Maandishi hayo huchekesha, na aghalabu huwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo, mhakiki wa fasihi ana wajibu wa kuuliza yanachekesha kwa njia gani, yanamchekesha nani, na nani anayeachwa nje ya kicheko hicho.

Makala haya yanachunguza kejeli ya aina hiyo kwa kuegemea eneo la Tongaren, katika Kaunti ya Bungoma, mpakani mwa Trans Nzoia na kusini mwa mji wa Kitale. Eneo hili na viunga vyake limetazamwa na watu wa mbali kwa takriban karne moja: kwanza walowezi, kisha maafisa wa kikoloni, na hivi karibuni vyombo vya habari vya dunia. Hoja inayoongoza makala ni kwamba thamani ya kejeli ya mgeni hutegemea mambo mawili: lugha anayoisikilizia habari za wenyeji, na hadhira anayokusudia kuichekesha.

Dhihaka, Kejeli na Kinaya

Katika uhakiki wa Kiswahili, istilahi hizi tatu wakati mwingine hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Hapa zinatenganishwa. Dhihaka ni kumcheka mtu kwa nia ya kumdunisha. Kejeli ni kulisema jambo kwa namna ya kulibeza ili udhaifu wake uonekane. Yaweza kumlenga mtu, taasisi, au hata msemaji mwenyewe. Kinaya ni hali ambapo kilichotarajiwa kinakinzana na kilichopo.

Mgeni mwenye jicho kali huanza na kinaya: amekuja akitarajia hili, amekuta lile. Kutoka hapo ana njia mbili. Anaweza kukifanya kinaya hicho kuwa kejeli inayoyahoji hata matarajio yake mwenyewe, au akakifanya dhihaka inayowalaumu wenyeji kwa kutokuwa vile alivyotarajia. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii haimkatazi mgeni kukizungumzia kitanda. Inamtaka kwanza akilalie.

Kiswahili cha Kuamrisha

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wastaafu mashamba kwa mpango ulioanzishwa mwaka 1919, na Trans Nzoia ikawa mojawapo ya sehemu zilizopokea walowezi wengi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mashamba ambayo leo ni vijiji vya Tongaren yalikuwa sehemu ya nchi hiyo ya walowezi, na waliolima humo, wengi wao Wabukusu na Waluhya wengine, walikaa kama vibarua na maskwota.

Lugha iliyowaunganisha mlowezi na mfanyakazi haikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Ilikuwa Kiswahili cha bara, ambacho baadaye kiliitwa Kisetla. Mwaka 1936, F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili hicho. Kichwa chake cha Kiingereza kinawataja waliokusudiwa kukisoma: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Orodha hiyo inastahili kusomwa kama sehemu ya matini. Atakayezungumziwa, yaani kibarua, mpishi na mchungaji wa ng'ombe, hayumo miongoni mwa wasomaji hao, ingawa bila yeye mazoezi yenyewe hayana kazi.

Sifa kuu ya Kisetla ni kulegea kwa upatanisho wa kisarufi na kutawala kwa hali ya kuamrisha. Sentensi kama "lete maji", "funga ng'ombe" au "kesho wewe kuja mapema" hutosha kuendesha shamba. Hazitoshi kumuuliza mtu kwa nini dada yake amerudi nyumbani, au baba yake alizikwa wapi na nani analitunza kaburi. Kwa hiyo mlowezi aliyeijua lugha kwa kiasi hicho angeweza kuwasimulia wageni wake kwamba wafanyakazi wa Kitale ni watu wa maneno machache. Kinaya ni kwamba uchache huo ulikuwa katika lugha aliyowapa ya kumjibia.

Wakati huohuo, wafanyakazi nao hawakukosa kicheko chao. Katika mashamba ya walowezi nchini Kenya ilikuwa kawaida kumpa mwajiri jina la utani kutokana na mwendo, umbo au hasira zake. Jina hilo lingeweza kutajwa mbele yake asielewe. Pande zote mbili zilikuwa na kejeli, lakini ya mmoja iliandikwa ikahifadhiwa vitabuni, na ya mwingine ikabaki midomoni.

Kuanzia mwaka 1962, mpango wa makazi wa ekari milioni moja uliwezesha mashamba mengi ya walowezi kununuliwa na kugawiwa familia za Kiafrika. Familia zilizohamia Tongaren zilitoka sehemu mbalimbali za Magharibi, nazo zikawa wageni kwa jirani zao wapya. Jambo hili ni la kukumbukwa: katika Tongaren ugeni si suala la rangi ya mtu, kwani karibu kila ukoo una babu au bibi aliyefika hapo akiwa hajui njia ya mtoni.

Nabii Aliyeitwa Mwendawazimu

Kejeli ya watu wa mbali inapokutana na habari za dini, madhara yake huwa makubwa zaidi. Mfano wa kwanza unatoka upande wa Kimilili, si mbali na Tongaren. Elijah Masinde, aliyewahi kuwa mchezaji kandanda mashuhuri, alianzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940. Alihubiri kurejea kwa mila za wahenga na kuondoka kwa Wazungu. Mwaka 1945 alipelekwa katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, mahali pa kutibia wagonjwa wa akili, akakaa huko hadi mwaka 1947.

Neno "mwendawazimu" ni muhtasari wenye starehe kwa anayelitumia. Linamwezesha msikilizaji kuupuuza ujumbe. Wafuasi wa Masinde walipokusanyika Chetambe mwaka 1947 kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, mtazamaji asiyejua historia hiyo angeona kundi la watu wakizunguka ngome kuukuu. Aliyeijua angeona matanga yaliyocheleweshwa kwa zaidi ya miaka 50. Mwezi Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, na watu wakafa. Dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huo, naye Masinde akahamishwa mbali na kwao hadi mwaka 1961. Jambo lililoanza kama kichekesho cha mtu aliyerukwa na akili lilikuwa, tangu mwanzo, suala la ardhi, kazi na wafu wasiozikwa kwa heshima.

Tongaren Katika Habari za Dunia

Mfano wa pili ni wa juzi. Mwaka 2023, Eliud Wekesa, mhubiri wa Tongaren ajulikanaye kama Yesu wa Tongaren, aliingia katika magazeti na runinga za nchi nyingi. Habari iliyosambaa mwezi Machi ilikuwa kwamba baadhi ya watu walitaka asulubiwe wakati wa Pasaka ili ionekane kama atafufuka. Ilikuwa na kila kinachopendwa na msimulizi wa vioja: jina kubwa, kijiji kidogo, na kinaya kisichohitaji kufafanuliwa. Waliocheka hawakuwa Wazungu pekee. Wakenya wa Nairobi na wale waishio ng'ambo walicheka pia, wengi wao kwa Kiswahili.

Mwezi Aprili mwaka huohuo, makaburi ya halaiki yaligunduliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa baadaye, ya wafuasi wa mhubiri mwingine asiyehusiana na Tongaren. Kicheko kikakatika. Mwezi Mei Wekesa alikamatwa na polisi wa Bungoma, akazuiliwa kwa siku chache, kisha akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi.

Mfuatano wa matukio haya una somo kwa mwanafunzi wa fasihi. Mwezi Machi, wahubiri wa vijijini walikuwa wote kichekesho kimoja; mwezi Mei wakawa wote hatari moja. Katika hali zote mbili, wasikilizaji wa mbali hawakuwa na namna ya kumtofautisha mtu anayevaa kanzu na kuhubiri na mtu ambaye wafuasi wake wanakufa kwa njaa. Kicheko kisicho na maarifa kiligeuka kuwa hofu isiyo na maarifa. Waliokuwa na uwezo wa kutofautisha ni majirani, na masimulizi ya kioja huwaacha majirani nje kwa sababu maelezo yao ni marefu na hayachekeshi haraka.

Mswahili Ugenini

Ili kuonyesha kwamba kejeli ya mgeni si lazima iishie hapo, inafaa kuugeuza mtazamo na kumwangalia Mswahili akiwa yeye ndiye mgeni. Fasihi ya Kiswahili ina hazina ya maandishi hayo. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha Kiswahili jijini Berlin kuanzia mwaka 1891 hadi 1895 na akaandika habari za maisha yake huko. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Masimulizi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyiko wa safari za Waswahili. Martin Kayamba wa Tanganyika alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Waandishi hawa wanatofautiana na mlowezi wa Kitale kwa jambo la msingi. Kila mmoja alijua kwamba naye anatazamwa. Salim, kwa mfano, alikuwa kioja kwa watu wa Urusi kama wao walivyokuwa kioja kwake, na hali hiyo ya kutazamana hufanya staajabu yake isiwe dharau. Pia walikuwa waangalifu kwa kuwa maandishi yao yalipitia mikononi mwa Wazungu au yaliwategemea kwa uchapishaji. Mhakiki hana budi kukubali kwamba uungwana wa mtindo wao, kwa sehemu fulani, ulikuwa uungwana wa mtu asiye na uhuru wa kusema yote. Hata hivyo, faida inabaki: hawakudhani kwamba jicho lao ndilo kipimo cha dunia.

Bungoma penyewe pana kielelezo kingine. Katika mila ya Wabukusu, baada ya mzee wa heshima kuzikwa, huitwa msemaji maalumu kuswala kumuse. Husimama katikati ya watu, akasimulia historia, akawakemea walio hai kwa uvivu, ugomvi na kusahau wajibu. Maneno yake huweza kuuma. Lakini husemwa mbele ya wahusika, kwa lugha yao, na mtu anayezijua koo zao. Wanaokemewa wanaweza kumsikia, na hilo humlazimisha awe na ukweli.

Funzo kwa Mhakiki

Kutokana na mifano hii, msomaji wa habari za mgeni juu ya nchi ya watu anaweza kujiuliza maswali matatu. Kwanza, msimulizi aliisikia habari kwa lugha gani, na lugha hiyo inamruhusu mwenyeji kujibu kwa urefu gani? Pili, wanaochekwa wakiisoma, je, wataweza kuitambua hali yao, au watajikuta wamefanywa vibonzo? Tatu, ni nani katika kisa aliyenyamazishwa ili kichekesho kikamilike?

Maswali haya yanawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa karibu. Vijana kutoka Tongaren na Kitale wanasoma na kufanya kazi Nairobi, Ghuba, Uingereza na Marekani. Wanawaandikia wa kwao kuhusu majirani wasiosalimiana na treni zinazoombewa radhi kwa kuchelewa dakika mbili. Wanasoma pia habari za nyumbani wakiwa mbali, na ni rahisi kuanza kuzisoma kwa jicho la mlowezi, kana kwamba kijiji kilichowalea ni ukurasa wa vioja. Elimu hailindi mtu dhidi ya hatari hiyo. Mara nyingine humpa tu msamiati mzuri zaidi wa kuitenda.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba mgeni anyamaze au kwamba wenyeji wasichekwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jicho la nje huona nyufa ambazo wa ndani wamezizoea, na Tongaren, kama mahali pengine popote, ina nyufa zake. Kinachodaiwa ni kwamba kejeli iwe na mlango wa kujibiwa. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kuamrisha tu, mlango huo ulifungwa. Wanaokisoma leo vyuoni wana lugha kamili, yenye nafasi ya swali na ya jibu refu. Watakapoiandika habari ya kijiji, wawaandikie pia wanakijiji, ili nao waisome na waongeze yaliyosahauliwa.