Habari Kwanza, Amri Baadaye: Nafasi ya Injili katika Mahubiri na Maisha ya Kila Siku

Utangulizi



Mpendwa msomaji, tukitoka kanisani siku ya Dominika na kukutana na jirani ambaye hakuja Misa, huenda akatuuliza: "Padre amehubiri nini leo?" Mara nyingi jibu letu huwa fupi: "Leo ametusema kweli kweli!" Tunalitoa kwa kucheka, pengine hata kwa kumsifu mhubiri kwamba hana woga. Hata hivyo jibu hilo linastahili kupimwa. Kusemwa ni jambo moja, na kuhubiriwa Injili ni jambo jingine. Mtu anaweza kusemwa na mwenyekiti wa kijiji, na mwalimu wa zamu, au na mama mkwe. Hahitaji kwenda Misa kwa ajili hiyo.

Katika makala hii tunataka kuonesha jambo moja: Injili ni habari kabla haijawa amri, na mpangilio huo ukigeuzwa, mahubiri yanakuwa mzigo na maisha ya Kikristo yanakuwa hofu. Tutaanza na maana ya neno lenyewe, tutamtazama Zakayo, kisha tutaingia katika mahubiri, msibani, na mwisho katika maisha ya kila siku.

1. Injili ni habari

Neno "Injili" limetufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni neno la Kigiriki *euangelion*, yaani habari njema. Habari ina tabia yake. Haimwambii msikilizaji afanye nini. Inamwambia nini kimetokea. Mtu aliyemsindikiza mkewe hospitali usiku, akakaa nje hadi alfajiri, muuguzi akitoka na kumwambia kwamba mama na mtoto wote ni wazima, hajaamriwa kitu. Lakini atainuka, atapiga simu nyumbani, atatafuta uji. Habari imemwinua, na kazi zimefuata zenyewe.

Ndivyo Maandiko yanavyosema. Mtakatifu Paulo anapowakumbusha Wakorintho Injili aliyowahubiria, hawapi orodha ya makatazo. Anawatajia matukio: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana na mashahidi (1Kor 15:3-8). Bwana wetu mwenyewe anapoanza kuhubiri Galilaya, anatangaza kwanza kwamba wakati umetimia na Ufalme wa Mungu umekaribia. Ndipo anapowaita watu watubu na kuiamini Injili (Mk 1:15). Hata Amri Kumi, ambazo wengi wetu tulizikariri katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, hazianzi na katazo. Zinaanza na Mungu kuwakumbusha Waisraeli kwamba Yeye ndiye aliyewatoa utumwani Misri (Kut 20:2). Kwanza wokovu, kisha sheria ya waliookolewa.

2. Zakayo: neema iliyotangulia

Mfano ulio wazi zaidi ni Zakayo wa Yeriko (Lk 19:1-10). Alikuwa mkuu wa watoza ushuru na tajiri, na utajiri wake haukuwa safi. Watu wa mji walimjua. Kama kuna mtu aliyestahili kusemwa mbele ya umati, ndiye huyu, tena alikuwa juu ya mti, mahali ambapo kila mtu angemwona.

Yesu alifanya nini? Alimwita kwa jina, akamwambia ashuke upesi kwa sababu siku hiyo ilimpasa kushinda nyumbani kwake. Hakumwambia kwanza arudishe fedha za watu ndipo aje kumtembelea. Umati ulinung'unika kwa sababu hiyo hiyo: Yesu alikuwa ameanza na ugeni badala ya kuanza na hukumu. Lakini tazama kilichofuata. Zakayo mwenyewe anasimama na kuahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hakuna mahali ambapo Luka anasema kwamba Yesu alimtajia kiasi hicho.

Wapo watakaouliza: je, mhubiri asikemee dhambi kamwe? Hapana. Nabii Nathani alimkemea Daudi usoni (2Sam 12). Yohane Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichopangiwa, na askari wasimdhulumu mtu, bali watosheke na mshahara wao (Lk 3:12-14). Kukemea kuna nafasi yake. Lakini mtu anayejua kwamba anapendwa anaweza kuisikia kemeo na kugeuka. Asiyejua hilo atajitetea, au atakata tamaa, au ataacha kuja.

3. Mahubiri: mazungumzo ya njiani

Neno "homilia" nalo linatufundisha. Katika Kigiriki linahusu kuzungumza na mtu kwa ukaribu. Luka anatumia kitenzi cha shina hilo anapowaeleza wale wanafunzi wawili waliokuwa wakizungumza njiani kwenda Emau (Lk 24:14). Yesu aliyefufuka aliingia katika mazungumzo hayo kwa kuuliza swali na kusikiliza huzuni yao hadi mwisho. Ni kweli aliwakemea kwa wepesi wao mdogo wa kuamini, lakini papo hapo akawafungulia Maandiko, na mioyo yao ikawaka. Kisha wakamtambua katika kuumega mkate. Huo ndio mpangilio wa Misa yetu: maisha tunayokuja nayo, Neno, Mkate, na kurudi Yerusalemu kushuhudia.

Kwa sababu hiyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963, katika Konstitusio juu ya Liturujia, kwamba homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe, na isiachwe katika Misa za Dominika na sikukuu za amri zenye waamini bila sababu kubwa (SC 52). Si mapumziko kati ya Injili na Kanuni ya Imani, wala si nafasi ya kuanza matangazo mapema.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake "Furaha ya Injili" wa mwaka 2013, aligusa ugonjwa tunaouzungumzia hapa. Alionya kwamba uwiano unapotea pale tunapozungumza zaidi juu ya sheria kuliko neema, zaidi juu ya Kanisa kuliko Yesu Kristo, na zaidi juu ya Papa kuliko Neno la Mungu (EG 38). Kwa mazingira yetu tunaweza kuongeza: zaidi juu ya michango kuliko msamaha. Mchango ni wajibu wa kweli, na kanisa halijengwi kwa maneno. Lakini mama aliyetembea saa nzima kuja Misa, akaondoka na kumbukumbu ya deni la jumuiya tu, amenyimwa chakula mezani.

Kuna pia hatari ya upande wa pili. Mhubiri anaweza kukwepa kusema watu, akaishia kuchekesha tu, au kuahidi kwamba aliye na imani hatafilisika wala kuugua. Hiyo nayo si Injili. Habari Njema haisemi kwamba msalaba umefutwa. Inasema kwamba Aliyesulubiwa amefufuka.

Sisi tulio bado katika malezi haturuhusiwi kutoa homilia katika Misa. Kazi hiyo ni ya padre au shemasi. Basi miaka hii ni miaka ya kusikiliza na kujizoeza. Tunapendekeza maswali matatu, na yaulizwe kwa mpangilio huu tunaposoma Injili ya Dominika inayokuja:

a) Katika somo hili Mungu amefanya nini?
b) Habari hiyo inamfikia nani kati yetu leo, akiwa katika hali gani?
c) Habari hiyo inatuomba tufanye nini?

Anayeruka swali la kwanza na kuanzia la tatu atasema watu tu, hata akiwa na sauti ya upole. Kuna pia kipimo cha haraka: tukiondoa kifo na ufufuko wa Kristo katika mahubiri yetu, je, kuna kitakachopungua? Kama hakuna, tulichoandika ni nasaha njema, lakini bado si Injili.

Na tusisahau urefu. Mwezi Juni 2024 Papa Fransisko alisema homilia isizidi dakika nane. Hata Mtakatifu Paulo alipoendelea kuzungumza hadi usiku wa manane kule Troa, kijana Eutiko alisinzia dirishani na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu (Mdo 20:7-12). Paulo alimrudisha akiwa hai. Sisi tusitegemee muujiza huo kila Dominika.

4. Msibani ndipo tunapopimwa

Kama kuna mahali ambapo tofauti kati ya kusema watu na kuhubiri Injili inaonekana wazi, ni mazishini. Msiba kwetu hukusanya wote: Wakatoliki, Wakristo wa madhehebu mengine, Waislamu, na wale ambao hawajaingia kanisani tangu siku ya harusi yao. Mhubiri huona umati huo na kushawishika: leo ndiyo nafasi, wasikie! Jeneza linageuzwa kuwa fimbo. Marehemu anatajwa kwamba hakuonekana jumuiyani, ndoa yake haikubarikiwa, zaka yake haikukamilika. Wafiwa wanainamisha vichwa. Maneno hayo watarudi nayo nyumbani, na yatakaa nao baada ya maturubai kufunguliwa na viti kurudishwa.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi yanasema kwamba katika Misa ya mazishi kwa kawaida itolewe homilia fupi, na yanakataza isigeuzwe kuwa hotuba ya kumsifu marehemu (namba 382). Sababu yake inatusaidia pande zote mbili. Hatukukusanyika kumpandisha marehemu mbinguni kwa sifa zetu, wala kumhukumu kwa daftari la mahudhurio. Tumekusanyika kutangaza kilichotokea kwa Yesu, na kumkabidhi ndugu yetu katika tukio hilo. Kule Bethania Bwana alimwambia Martha kwamba Yeye ndiye ufufuo na uzima; kisha akalia pamoja na Mariamu (Yn 11:25-35). Tangazo na machozi. Mhubiri mwenye hayo mawili hahitaji fimbo. Yule asiyeingia kanisani akiisikia habari hiyo siku ya msiba, huenda akauliza njia ya kurudi.

5. Injili inapotoka kanisani

Mahubiri hayaishii katika baraka ya mwisho. Kitabu cha Nehemia kinasimulia jinsi Ezra alivyosoma Sheria mbele ya watu tangu asubuhi hadi adhuhuri, huku Walawi wakiwaeleza maana yake (Neh 8). Watu walilia. Wakaambiwa wasihuzunike, bali waende wakale na kunywa, na wawapelekee sehemu wale wasiokuwa na kitu. Neno lililoeleweka lilifika jikoni, na kutoka jikoni likafika kwa jirani.

Kanisa la Afrika Mashariki lilichagua njia inayofanana na hiyo. Maaskofu wa AMECEA, katika mkutano wao wa mwaka 1973 na tena ule wa 1976, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Lengo lilikuwa Injili isomwe mahali watu wanapoishi, na watu wanaojuana kwa majina. Hatua saba za kushirikishana Neno, zilizoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, zinafuata mpangilio ule ule tuliouona: kumkaribisha Bwana huja kwanza, na kujadili kazi ya kufanya huja karibu na mwisho. Jumuiya inayosoma Injili kwa dakika mbili na kujadili michango kwa saa nzima imegeuza hatua hizo juu chini.

Je, Injili ikifika mtaani inafananaje? Tuchukue mfano wa lumbesa. Mnunuzi anafika shambani na kudai gunia lijazwe kupita kiasi, lishonewe kilemba juu, lakini bei ibaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na mkulima analalamika, lakini ana ada ya shule ya kulipa, anakubali. Mnunuzi huyo huenda ni mwanakwaya. Tukimsema kanisani, atabadilisha njia ili asikamatwe. Lakini akipata kujua, kama Zakayo, kwamba Bwana ameingia nyumbani mwake bila kumtoza kitu, atamtazama mkulima kwa macho mengine. Atapima gunia sawasawa hata pale ambapo hakuna mkaguzi.

Vivyo hivyo kwa anayemcheleweshea mshahara dada wa kazi, na kwa anayesambaza aibu ya jirani katika kundi la simu. Hawa wote wanazijua amri. Kinachokosekana ni habari iliyoingia moyoni.

Hatimaye Injili inamrudia mhubiri mwenyewe. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo hapa Afrika, katika kitabu cha nne cha kazi yake juu ya mafundisho ya Kikristo, alichukua kutoka kwa Cicero malengo matatu ya msemaji: kufundisha, kupendeza na kuvuta moyo. Lakini akaongeza kwamba, ili asikilizwe kwa utii, maisha ya msemaji yana uzito kuliko ufasaha wake wote. Papa Paulo VI alifundisha jambo hilo hilo mwaka 1975: watu wa siku hizi husikiliza mashahidi kwa hiari zaidi kuliko walimu (EN 41).

Hitimisho

Nafasi ya Injili katika mahubiri ni ya kwanza, na katika maisha ya kila siku ni ya kwanza pia. Mungu ametenda, kwa hiyo nasi tunaweza kutenda. Sisi tunaojiandaa kuhubiri tuombe neema ya kuisikia habari hii kabla ya kuitangaza. Nanyi waamini mnaotusikiliza, tuombeeni, na mtukumbushe kwa upendo pale tunapowasema tu. Siku moja jirani akiuliza Padre amehubiri nini, jibu na liwe: "Ametuambia Yesu amefanya nini kwa ajili yetu."

Maswali ya kutafakari

1. Katika homilia ya Dominika iliyopita, ulisikia Mungu amefanya nini?
2. Katika jumuiya yenu, Neno la Mungu linapewa muda gani ukilinganisha na mambo mengine?
3. Ni nani katika mtaa wenu anayehitaji kuitwa kwa jina, kama Zakayo, kabla ya kukemewa?