Marekani bila kuuza shamba?

Swali: Mzazi wa Cheptiret, mkulima wa mahindi na maziwa, anauliza kama bintiye aliyepata A katika KCSE anaweza kusoma Marekani bila shamba kuuzwa.

Jibu: Anaweza. Chuo cha Amherst, Massachusetts, huchagua hata wanafunzi wa kigeni bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha huziba pengo lote la gharama. Vyuo vingi, hata vyenye sifa, havifanyi hivyo. Aulize kabla ya kutuma maombi.

Kibarua kigumu ni CSS Profile, fomu ya kuombea msaada huo wa fedha. Inataka mapato ya mwaka mzima, na mkulima hana hati ya mshahara. Stakabadhi za maziwa na za magunia ya mahindi yaliyouzwa zianze kutunzwa leo.

KenSAP, mradi ulioanzishwa 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na John Manners, umewaandaa vijana wa Bonde la Ufa kwa njia hii hii. Na ada ya maombi? Mwenye kipato kidogo huomba asamehewe.