Mwanamke, Konde na Mnazi: Suala la Kilimo Endelevu katika Bara ya Mombasa

Kilimo endelevu ni ukuzaji wa mimea usiochosha ardhi. Makala haya yanashikilia kwamba katika bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kinachomzuia mwanamke kushiriki kilimo hicho si uhaba wa maarifa bali ni suala la umiliki.

Kwanza, maarifa anayo. Kuchanganya muhogo na kunde katika konde moja ni desturi kongwe ya pwani. Kunde huurudishia udongo naitrojeni, huufunika usikauke, na majani yake ni mboga.

Pili, mila za Wamijikenda zilitenganisha mti na ardhi: mtu aliweza kumiliki mnazi uliosimama katika udongo wa mwingine. Mnazi, uzaao kwa miaka zaidi ya 50, ulirithiwa aghalabu na wanaume. Mazao ya msimu yaliachiwa jembe la mwanamke.

Tatu, wakazi wengi wameishi bila hatimiliki. Wale wa shamba la Waitiki, Likoni, walianza kupewa mwaka wa 2016. Asiye na hakika ya mwakani hapandi mti, wala hangoji mboji irutubishe mchanga.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mwanamke huyu amechumia juani; kivuli kingali cha mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 60, yataka ubaguzi wa kijinsia kuhusu ardhi ukomeshwe. Hivyo basi, inapendekezwa kwamba jina la mke liandikwe katika hatimiliki pamoja na la mume, ili alimaye leo apande pia cha kesho.