FUNDISHO LA LIKIZO: KAMBALE, KUIKAMATA NA KUISAFISHA



Likizo kubwa imekaribia. Wengi wetu tutarudi mu vijiji kando ya Lualaba, na wazazi watatuita kwenda kuvua pamoja nao. Ni kiangazi: maji ya mto yanashuka, na samaki zinabaki mu viziwa na mu matope nyuma ya kingo. Kwa jamaa nyingi samaki ya miezi hii ni mboga, tena ni minerval ya mwaka unaokuja. Ndiyo maana tumechagua fundisho hili. Neno lake kubwa ni moja: kambale ikae hai mpaka saa ya kisu.

1. KUIJUA

Mu biolojia jina lake ni Clarias. Haina magamba, ngozi yake ni utelezi mtupu. Iko na ndevu nane, na pezi refu mgongoni linalofika karibu na mkia. Juu ya matamvua iko na kiungo kingine, kama mti mdogo wa matawi, na kwa hicho inapumua hewa. Kwa sababu hiyo inaishi mu maji mabaya ambamo samaki zingine zinakufa, na wakati wa mvua inaweza kutambaa juu ya majani mabichi kutafuta maji mengine.

Lakini tuangalie sana! Kuna ingine inayofanana nayo, ni samaki ya umeme. Nayo iko na ndevu, nayo haina magamba, lakini mgongo wake ni mtupu, ila kinyama laini karibu na mkia. Umeme wake unaweza kufika volti 350. Ukiona mgongo mtupu, hapana kugusa. Iondoe kwa fimbo kavu.

2. KUIKAMATA

Kambale inatembea sana usiku. Tunatega ndoana jioni na minyoo, tunarudi asubuhi. Wagenya wanatumia migono na nyavu mu mto wenyewe. Mama na dada zetu wanaziba kijito kwa matope, wanamwaga maji kwa beseni, kisha wanaokota samaki mu vitunga.

Kambale iko na miiba miwili, mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Shika nyuma ya miiba hiyo, kwa nguvu. Ikikuchoma, osha mukono kwa sabuni na maji safi. Ukivimba, usingoje, enda ku kituo cha afya.

Hapa tuseme wazi. Wengine wanatia majani ya sumu ao dawa ya shamba mu kiziwa. Siku ile vitunga vinajaa, ni kweli. Lakini vitoto vyote vinakufa, na mutu anayeteka maji chini anakunywa sumu. Kambale dike moja kubwa inabeba mayai makumi ya elfu, na inayataga mvua zikirudi na maji yakipanda. Tukimaliza zote mu kiangazi, nani atataga? Tuache maji kidogo mu kiziwa, na zile ndogo tuzirudishe.

3. KUIWEKA HAI

Ku kijiji hatuna barafu. Samaki ingine ikikufa asubuhi, saa sita imeanza kunuka, na mununuzi anakata bei ao anakataa kabisa. Mutu wa Alunguli anayevuka mto kuuza sokoni anajua hasara ile. Kambale inatusaidia kwa kuwa inapumua hewa. Weka maji kidogo mu ndoo, usijaze hata juu, ili ipate nafasi ya kuvuta pumzi. Funika kwa gunia lililolowa, kaza vizuri, sababu inaruka na kukimbia. Weka mu kivuli, badilisha maji yakichafuka. Hivi itafika sokoni ikiwa hai.

4. KUISAFISHA

a) Ipige kichwani kwa kipande cha muti, mara moja, isiteseke.
b) Isugue kwa majivu ao chumvi mpaka utelezi uishe.
c) Pasua tumbo toka nyuma kwenda mbele. Kisu kisiingie ndani sana: nyongo ikipasuka, nyama inakuwa chungu.
d) Toa matumbo na matamvua, kwangua damu nyeusi ya ku mgongo.
e) Osha kwa maji safi. Matumbo yazikwe mu shimo, yasitupwe pale watu wanapoteka maji.

Ya kula leo, katakata, ipike sana na mafuta ya ngazi na pilipili; wali ao bugali, vyote vinafaa. Ya kuweka, ipinde kama pete, mkia ufike kinywani, choma kijiti kuishikisha, kisha iweke juu ya moto mdogo na kuigeuza mpaka ikauke hata ndani. Moto mkubwa unaunguza ngozi, na ndani inaoza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sababu gani ndoo ya kambale haijazwe maji?
2. Namna gani tunatenganisha kambale na samaki ya umeme?
3. Ulizeni wazee nyumbani: kiziwa gani kilikuwa na samaki zamani, na leo hakina? Kilivuliwa namna gani? Mukirudi, mutuletee majibu, tutayaandika mu kigazeti hiki.

Likizo njema.

Makapita wa darasa la sita