Kuku wanaharisha kijani: dawa ipi?

Swali: Kuku wangu wamezubaa na wanaharisha kijani. Nimewapa oksitetrasaikilini lakini wanazidi kufa. Niongeze dozi?

Jibu: Hapana. Mharo wa kijani peke yake hautaji ugonjwa. Huonekana kwenye mdondo (kideri), unaoletwa na virusi visivyosikia antibayotiki yoyote, na pia kwenye homa ya matumbo, ambayo ni ya bakteria.

Tofauti hujitokeza kuku anapopasuliwa. Mwenye mdondo mara nyingi hukutwa na madoa ya damu kwenye tumbo dogo lililo kabla ya firigisi. Mwenye homa ya matumbo, ini huvimba na kugeuka rangi ya shaba. Utumbo ukijaa damu, hushukiwa koksidia, na hapo hutumika amproliamu. Hata hivyo, maabara ndiyo huthibitisha.

Mfugaji avae glavu, amfunge kuku aliyekufa punde kwenye mifuko miwili, amzungushie barafu bila kumgandisha, ampeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo au maabara ya mifugo. Nchini Tanzania, Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) hufanya vipimo hivyo.

Ukithibitika mdondo, hakuna tiba. Wazima hukingwa kwa chanjo, kwa mfano I-2, tone moja jichoni, ikirudiwa kila miezi mitatu.