SOMO: KAZI YA GOLIKIPA WA HOKI JUU YA BARAFU

Wote munajua golikipa wa mupira wa miguu. Leo tunataka kuwaeleza juu ya ndugu yake wa inchi ya Kanada, yule anayelinda goli la hoki. Kule, wakati wa baridi, maji ya maziwa hugeuka barafu ngumu, na watoto huchezea juu yake na viatu vyenye chuma chembamba chini. Wakubwa wanachezea ndani ya nyumba, juu ya barafu ya mashine.

Wanapiga paki kwa fimbo. Paki ni kisahani cheusi cha mupira mgumu sawa ule wa magurudumu ya motokari, upana sentimeta 7,6, uzito gramu 156 mpaka 170. Kwanza wanaiweka katika frigo kusudi isirukeruke. Goli ni dogo, mita 1,83 kwa 1,22 tu. Lakini mpigaji hodari anaipeleka kilometa 160 kwa saa, ni kusema mita 44 kwa sekunde. Ikitoka mita 18, nusu sekunde haiishi imekwisha kufika. Mikono peke yake itaweza nini? Juu ya hiyo walimu wa makipa wanaanza na miguu, na mara nyingi mazoezi ya kwanza yanafanywa bila paki.

Kipa anaachanisha miguu kupita mabega, anakunja magoti, uzito uko mbele ya nyayo, si juu ya visigino. Fimbo inalala chini kati ya miguu. Mkono wa kudaka uko wazi mbele ya mwili. Akitaka kuhama mbali, anageuza mguu mmoja kule anakokwenda, anasukuma na mwingine, sawa herufi T. Kisha asimame kabisa! Wengi wanashindwa hapo: paki inapigwa wangali wanateleza.

Sasa mambo ya pembe, muchore. Muweke nukta pale paki iko, mita 10 mbele ya goli, muvute mistari miwili mpaka kwenye miti ya goli. Kipa akibaki katikati ya miti, ana mita 1,83 za kuziba. Akitoka mita 1,5, mistari imekaribiana: 1,83 × 8,5 : 10, ni 1,56 tu. Mwili wake haukunenepa, lakini goli limepunguka. Mpigaji akiwa karibu, mita 5, inabaki 1,28. Basi mtu asiseme, tutoke mbali sana! Mpigaji akimpa mwenzake paki upande ule mwingine, kipa ana njia ndefu ya kurudi, na goli liko wazi.

Ligi kubwa, NHL, ilikataza kipa kujiangusha mpaka sheria ilipogeuzwa mwaka 1918. Katika miaka ya 1950 Glenn Hall alionyesha kuanguka kwa magoti, miguu ikifunguka pande mbili sawa mabawa ya kipepeo. Patrick Roy wa Quebec alieneza namna hiyo katika miaka ya 1980. Kuanguka ni rahisi, kuamka ndiyo kazi. Anayekwenda kuume ainue goti la kushoto na kusukuma nalo. Wapya wanainua lile la kuume, wanabaki palepale.

Na uso? Zamani ulikuwa wazi. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, paki iliyopigwa na Andy Bathgate ilimpasua uso Jacques Plante, kipa wa Montréal. Alikuwa na kifuniko cha uso cha mazoezi, lakini mwalimu wake Toe Blake hakukipenda, aliona kitamzuia kuona. Alipokwisha kushonwa, Plante alikataa kurudi bila hicho. Akarudi nacho, wakashinda 3 kwa 1. Wengine walimfuata polepole. Wa mwisho wa NHL kucheza uso wazi, Andy Brown, ni wa 1974. Sisi tunaona Plante alikuwa na haki, hata kama wangalishindwa siku ile.

Makipa wetu wajaribu hesabu hii: goli la mupira wa miguu lina mita 7,32. Mpigaji yuko mita 12 mbele yake. Kipa akitoka mita 4, ana mita ngapi za kuziba? Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa hesabu, pamoja na mchoro.